Kampuni za sigara: magazetini "haijathibitishwa", mahakamani "ulijua mwenyewe". Na bado mnazitetea!

Wakuu habari za jioni. Leo nimekereka kwelikweli, sizunguki.

Kila mada ya sigara ikiwekwa humu, haipiti muda katokea mtu: "babu yangu kavuta mpaka uzeeni", "mbona hata wasiovuta wanapata kansa", "sayansi haijathibitisha moja kwa moja". Mnajiona mmewaza wenyewe. Hamjawaza kitu! Hayo maneno yalitengenezwa na watu waliolipwa, wengi wetu hatujazaliwa.

Desemba 1953 wakubwa wa kampuni za sigara Marekani walikutana Plaza Hotel, New York. Biashara ilikuwa imetikisika, maana mwaka huo watafiti walipaka panya lami ya sigara mgongoni, panya wakaota uvimbe wa kansa. Wakubwa hawakumwita daktari. Walimwita John Hill wa Hill & Knowlton, fundi wa kusafisha majina ya wenye hela. Tarehe 4 Januari 1954 likatoka tangazo la ukurasa mzima kwenye magazeti zaidi ya 400. Wanasema afya ya watu kwao ni jukumu linalotangulia kila kitu katika biashara yao, wanaamini bidhaa zao hazidhuru, na wanaunda kamati ya utafiti. Chini wakapanga majina yao na vyeo, kama kadi ya harusi.

Kamati! Kazi yake ilikuwa kuhakikisha swali la kama sigara inadhuru halifiki mwisho. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson ukasema wazi kwamba bidhaa yao ni shaka. Bosi wa kampuni nyingine, Philip Morris, naye, 1971, aliulizwa kwenye televisheni kuhusu wajawazito wanaovuta kuzaa watoto wadogo wa umbo. Akajibu kuna wanawake wangependa watoto wadogo. Huyo ni mtu mzima, kavaa suti.

Aprili 1994 wakubwa saba wakanyoosha mikono mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakaapa, kisha mmoja mmoja akasema haamini kwamba nikotini inaleta uraibu. Bosi wa Brown & Williamson alikuwemo. Mwanasheria wa kampuni yake alikuwa ameshaandika mwaka 1963 kwamba wao wanauza nikotini, kitu chenye uraibu.

Lakini kinachonichefua kuliko vyote ni mahakamani. Rose Cipollone wa New Jersey alianza kuvuta akiwa na miaka 16, akafa kwa kansa ya mapafu mwaka 1984. Kesi yake dhidi ya kampuni za sigara ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, 1988, wanasheria wa kampuni wakageuza kibao: mama huyu alijua hatari, alichagua mwenyewe. Baraza likasema asilimia 80 ya kosa ni lake! Mume akapewa dola 400,000, rufaa ikazifuta, familia ikachoka ikaacha kesi. Sasa nielezeni, yeye aliijuaje hatari ambayo kampuni yenyewe ilikuwa inaapa haipo?

Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba kampuni za sigara zilikula njama kuwadanganya watu kwa miongo, akaziamuru zitangaze ukweli. Wakakata rufaa, wakabishana mpaka neno la mwisho la tangazo la kusahihisha uongo wao. Lilianza kutoka Novemba 2017. Miaka kumi na moja.

Msije mkasema hayo ni ya Wamarekani. Hapo Kenya kanuni za kudhibiti tumbaku zilitoka 2014, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ikaenda mahakamani kuzipinga, na ngoma ikaisha Mahakama ya Juu 2019 kampuni iliposhindwa. Huku kwetu nendeni duka lolote la Mangi. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba dirishani, kijana anatoa sarafu, anapewa fegi moja, anawasha palepale. Pakiti yenye onyo imebaki ndani kwenye shelfu, hajaiona hata kwa mbali. Huyo naye akiumwa mtamwambia alijua mwenyewe?

Mtu akitaka kuvuta avute, sina ugomvi na mvutaji. Ugomvi wangu ni na wewe unayefanya kazi ya Hill bure, bila hata nauli.

Mods, naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa "faida za sigara".