Stata ya gari la Mama, Toyota IST (kikundi cha familia)

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Niko parking hospitali na mama, kliniki ya presha tumemaliza toka saa 4 gari haiwaki. Mlinzi kaniitia fundi, hata dakika mbili hajaangalia anasema stata imekufa, nyingine ya mtumba 180,000 na ufundi 70,000. Laki mbili na nusu jamani na hela niliyonayo ni ada ya Imani 😭

Shemeji Hamisi: Pole sana shem. Mama kakaa wapi na jua hili?

Zuhura: Kwenye benchi chini ya mwarobaini, nimemnunulia maji

Wifi Mariamu: Usitoe hata mia wifi, msubiri mjomba

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Ukigeuza ufunguo inalia KA moja au kakakakaka mfululizo?

Zuhura: Ka moja tu halafu kimya

Mjomba Saidi: Washa taa kubwa mtu asimame mbele, geuza tena. Zinafifia?

Zuhura: Mlinzi anasema zimepungua kidogo sana

Mjomba Saidi: Basi betri ni nzima, ingekuwa imechoka ingelia kakakaka na taa zingekaribia kuzima. Weka gia N badala ya P ujaribu

Zuhura: Ni vilevile mjomba

Mjomba Saidi: Haya nisikilize. Stata ni mota ya kuwashia injini, ndani ina kaboni zinazosugua amecha, ile sehemu inayozunguka, na ile solenoidi ya juu, yaani swichi yake, ina vibati viwili vya kopa (shaba) vinavyopitisha moto mkubwa wa betri, kila ukiwasha vinaungua kidogo kidogo mpaka vinashindwa kugusana, hapo ndo unasikia ka moja tu. Kaboni nazo zinaisha kama chaki. Vyote hivyo vinauzwa peke yake na bei yake ndogo. Stata nzima unanunua kama amecha imeungua, na hilo halijulikani mpaka ifunguliwe mezani, huyo kajuaje bado iko kwenye gari?

Shemeji Hamisi: Dah mjomba. Mimi ya Noah nilitoa 220,000 na ile ya zamani sikuiona tena

Mjomba Saidi: Ya zamani ni mali yako baba, hata ukinunua nyingine ondoka nayo. Na ya mtumba usilipe mpaka waifunge waya za betri palepale dukani uione inazunguka na bendiksi, ile gia yake ndogo, inatoka mbele

Zuhura: Sasa tunaondokaje hapa, watu wanataka kusukuma

Mjomba Saidi: Hiyo ni otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, msijichoshe. Mwambie fundi agonge stata ubavuni taratibu na spana wakati wewe umeshikilia ufunguo. Taratibu, isipasuke

Zuhura: IMEWAKAAA 🙏🏾🙏🏾 nimempa fundi elfu 5 kashukuru

Mjomba Saidi: Alhamdulillah. Usizime mpaka nyumbani. Ila kugonga siyo dawa, kesho mapema nenda kwa fundi umeme anayefungua stata, siyo wa injini. Aanze kutoa temino hasi ya betri maana ule waya mnene wa stata una moto muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni

*Kesho yake*

Zuhura: Mjomba nimetoka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, sasa hivi. Nimekaa na fundi umeme mwanzo mwisho. Kibati kimoja cha kopa kimeliwa upande kama biskuti iliyong'atwa, kaboni mbili zimebaki saizi ya punje ya mahindi, amecha akaipima akasema safi. Kabadilisha kopa zote mbili na kaboni zote nne, kaosha vumbi jeusi, kapaka grisi. Vifaa 40,000 ufundi 30,000. Inawaka ukigusa tu!!

Wifi Mariamu: Elfu 70 badala ya 250,000 🙌🏾

Shemeji Hamisi: Namba ya huyo fundi shem, niletee inbox

Zuhura: Ada nimeshalipa. Mama anasema mjomba Mungu akuzidishie, anauliza Idi utakula pweza au kuku

Mjomba Saidi: Mwambie pweza. Na hizo kopa za zamani zifunge kwenye karatasi uniwekee, nikija nizione