Vibanda vya gemu Mtwara: vifungwe, au tumekosea adui?

MLETA MADA: Wakuu, mtaani kwetu Chikongola wazee wameng'ang'ana vibanda vya gemu vifungwe kwa kuwa vijana wamekuwa mateja wa pedi za kuchezea gemu. Napinga, ingawa mdogo wangu mwenyewe mwaka jana alitoroka shule wiki nzima kwa ajili ya soka la kwenye skrini.

Neno uraibu tusilitumie ovyo. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halihesabu saa. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imepita kila kitu maishani mwake, na kama anaendelea huku madhara anayaona, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana anayecheza saa mbili kisha akaenda sokoni kumbebea mama yake mizigo hayumo.

Tena gemu za ushindani zilitolewa medali kwenye Michezo ya Asia kule Hangzhou, 2023. Kichwani, mchezaji wake anapambana na yaleyale ya golikipa wa pale uwanja wa Nangwanda Sijaona: kusahau bao alilofungwa sasa hivi, kusoma nia ya mpinzani, kuamua kabla ya kupepesa jicho.

Tofauti naiona kwingine. Uwanjani dakika 90 zikiisha refa anapuliza filimbi, na miguu yenyewe imegoma. Kibandani filimbi hakuna, mwili hauchoki upesi, halafu tuna ule utaratibu wetu: anayefungwa ndiye analipa. Aliyefungwa ana hasira, hasira inadai marudiano, marudiano yanakula nauli ya kesho. Mdogo wangu alizama hapo. Hakuwa anafuata raha tena, alikuwa anafukuzia kisasi.

JIBU: Mwanangu, nimekusoma vizuri. Ila msimu wa korosho, hela zikiingia, vibanda huku Magomeni vinajaa watoto mpaka usiku. Hao wa Hangzhou wana makocha. Wangu ana nani? Vifungwe.

MLETA MADA: Shikamoo mama. Hilo la kocha umenishika, sina jibu kamili. Lakini Korea Kusini walijaribu: sheria ya 2011 ilizuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 waliamua kuifuta. Sisi tukifunga vibanda, watoto watahamia kwenye simu chumbani, ambako hata jirani hawaoni.

Ninachotaka kwa wenye vibanda ni hiki: malipo yagawanywe nusu kwa nusu, wawili wasirudiane zaidi ya mara mbili, na mwenye sare ya shule asiingie kabla ya saa kumi jioni. Jumamosi nakwenda kuzungumza na wa mtaani kwetu. Mama, wa huko Magomeni unamfahamu? Twende wote.