Mliowahi kupeleka watoto wadogo shamba la mifugo mlimani, tupeane uzoefu

Mama Mapacha:
Habari zenu wadau. Jana binti yangu kaona picha ya bata bukini kitabuni, akaenda kujificha nyuma ya kochi. Nikakumbuka yote. Tulipanda mlimani yeye na Kulwa wakiwa na miaka mitatu. Kumbe ukishuka garini, njia ya kwenda mazizini inakatiza palepale wanapolala bukini. Mmoja akainamisha shingo, akaanza kufoka "sssss". Nikawashika watoto mikono, nikakimbia. Hapo ndipo kundi zima lilipoamka. Shingo ya bukini ikinyooka inafika usoni kwa mtoto wa miaka mitatu, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Doto alibanwa paja, likavilia damu wiki nzima. Mzee mwenye shamba alikuja taratibu, mikono kaitanua, bukini wote wakarudi nyuma. Akaniambia, "Mwanangu, ukikimbia umeshawapa ushindi. Simama, jitanue, ondoka kinyumenyume." Nyie yaliwakuta yapi?

Baba wa Watatu:
Bukini ni mlinzi kuliko mbwa. Naunga mkono kila neno.

Shangazi Mtu:
Sisi hata zizini hatukufika. Kona za mlimani zilimtapisha wa miaka sita mara nne, wakati wa miezi kumi kalala fofofo. Nimekuja kujua baadaye kwamba walio chini ya miaka miwili ni nadra kuchefuliwa na gari, balaa ni kuanzia hapo hadi kama miaka kumi na miwili. Halafu baridi! Bondeni jua kali, watoto nimewavika kaptula. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, na huko juu kulikuwa na upepo na manyunyu. Tuliwatazama mbuzi kupitia kioo cha gari. Wadogo zangu, bebeni masweta hata kama mnatokwa jasho wakati wa kuondoka.

Baba Junia:
Nimesoma habari ya bukini, moyo ukanienda mbio, ngoja niseme langu. Palikuwa na kondoo dume mmoja, mpole, amelelewa kwa chupa tangu mama yake afe. Anazunguka uwanjani kama mtoto wa nyumbani. Mwanangu wa miaka minne akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akawa anamsukuma, kondoo naye anasukuma. Watu wazima wote tukacheka. Mimi nikatoa simu nipige picha. Kondoo akarudi nyuma hatua tatu, nne. Nikajua amechoka, anaondoka zake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kondoo dume hurudi nyuma ili apate nafasi ya mbio.

Alimpiga kifuani. Mtoto aliruka, akaangukia mgongo kwenye nyasi, na hakulia. Hiyo ndiyo sehemu inayoniamsha usiku mpaka leo. Mdomo wazi, macho yananitazama, sauti haitoki. Nilimfikia nikiwa sijui kama nimpige mgongo, nimwinue, au nimwache alale. Mke wangu alikuwa anapiga kelele, na yule kondoo ameshaanza kurudi nyuma tena! Kijana wa shamba akaruka uzio, akamshika pembe akamgeuza. Ndipo mwanangu akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Hospitali walimpima, mbavu zote nzima. Ile picha ninayo, nimeshindwa kuifuta.

Mfugaji wa Juu:
Pole sana kaka. Ila niseme ukweli, nafuga kondoo miaka mingi: kumsukuma dume kwenye paji la uso ni kumwita vitani. Wenyewe kwa wenyewe ndivyo wanavyopigana. Na aliyelelewa kwa chupa ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hana woga na mtu. Wazazi muwe mnauliza kabla ya kushika.

Mama Mapacha:
Mfugaji, mzazi wa mjini atajuaje? Wewe uliyejua ndiye wa kumfungia dume wako siku ya wageni.

Mfugaji wa Juu:
Wangu hufungwa dada. Lakini nimeshaona wageni wakifungua lango wenyewe ili watoto "wasalimie". Jike mwenye ndama mchanga je, naye nimlaumu? Mtoto akisimama kati yake na ndama, hata ng'ombe mpole hageuki mwingine?

Baba wa Watatu:
Wote mna haki, malizeni. Lango likute lilivyo, uliache lilivyo.

Mama wa Mwisho:
Nimekuwa nasoma kimya. Sisi hatukupigwa na mnyama yeyote. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Binti yangu, miaka miwili na nusu, alimlisha ndama, akalambwa mikono mpaka kwenye viwiko, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba biskuti. Nilimfuta kwa kitambaa cha maji, nikampa.

Siku ya nne akaanza kuharisha, siku iliyofuata ikawa damu. Mama mkwe akataka tumpe dawa ya kufunga tumbo, daktari akakataa katakata, akasema kwa ugonjwa huu inaweza kuzidisha madhara. Ni bakteria wanaoishi tumboni mwa ng'ombe, kondoo na mbuzi wasiumwe kabisa, aina ya E. coli. Kuhara kukapungua, tukaanza kumshukuru Mungu. Baada ya siku mbili nikagundua nepi ni kavu tangu asubuhi. Uso umepauka, macho yamevimba. Figo zilikuwa zimesimama. Mashine ilimsafisha damu siku kumi na moja. Niliacha kuhesabu saa, nikawa nahesabu mikojo.

Shangazi Mtu:
Mwanangu, nimelia. Sasa hivi yukoje?

Baba Junia:
Dada, la kwangu limekuwa dogo. Figo zilirudi?

Mama wa Mwisho:
Zilirudi. Anapimwa mkojo na presha kila mwaka. Ana miaka saba.

Baba wa Watatu:
Mimi hubeba ile jeli ya mikono, napaka kila baada ya banda.

Muuguzi Mstaafu:
Jeli haitoshi mwanangu. Kwenye mikono yenye uchafu inafanya kazi kidogo sana, na kuna kijidudu cha kuhara cha ndama na wanakondoo, kriptosporidiamu, ambacho jeli haikiui. Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya chochote kwenda mdomoni. Chuchu ya bandia na chupa ya mtoto ziacheni garini. Viatu pia vioshwe, watoto hushika soli. Maziwa yasiyochemshwa msiwape hata mkibembelezwa. Na mjamzito asikae karibu na kondoo wanaozaa.

Baba Mlezi:
Basi tusiwapeleke kabisa mpaka wafike miaka mitano. Hao wadogo hata hawatakumbuka.

Mfugaji wa Juu:
Hapana ndugu. Wangu wamekulia humu. Mtoto asiyezoea mnyama mapema humwogopa ukubwani.

Muuguzi Mstaafu:
Baba Mlezi ana hoja, chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi.

Mama Mapacha:
Doto kaniuliza leo bukini wanalala wapi usiku. Nadhani anataka kurudi. Mama wa Mwisho, samahani kuuliza, wako aliwahi kurudi shambani?

Mama wa Mwisho:
Mwaka jana, aliomba mwenyewe. Alimgusa ndama shingoni mara moja. Kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole ameviachanisha, asiguse nguo wala nywele, akatembea hivyo hivyo mpaka bombani.