Naomba ushauri: randa inachimba ubao wa mninga
Ndugu mafundi na wapenzi wenzangu wa useremala, shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu hapa Tanga, na kila Jumamosi huranda mbao kibarazani kwa kujifurahisha, kwani hakuna kinachonituliza kama sauti ya randa kali na maranda membamba yanayojikunja hadi kunifunika vidole vya miguu.

Sasa natengeneza kibweta cha mninga, zawadi ya mama yangu. Ubao wa kifuniko unarandika vizuri kutoka upande mmoja, lakini nikifika katikati, penye mistari myeusi inayopindapinda, nyuzi zinang'oka na kuacha vishimo ambavyo kidole kinavihisi hata baada ya kupiga msasa. Nikigeuza ubao, tatizo linahamia upande wa pili. Nimenoa kisu upya na kukipunguza kisitokeze sana. Nafuu ni ndogo.

Je, nirande kimshazari, nilowanishe ubao kidogo kwanza, au niache randa na kukwangua kwa kipande cha msumeno mkongwe? Ubao umebaki unene wa milimita 14 tu, hivyo naogopa kubahatisha.