Friji ya soda mlangoni mwa kliniki ya sukari, nani aliruhusu?

Wadau, nimerudi kutoka hospitali na mama yangu sasa hivi na hasira haijanishuka, mtanivumilia.

Mama ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa sita. Leo tuliondoka Nyalenda alfajiri ili apimwe kabla hajatia kitu mdomoni, kama walivyomwagiza. Foleni ya Kisumu mnaijua. Damu ilitolewa saa nne. Anatoka pale njaa imemlegeza magoti, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni friji ya kantini, soda kutoka juu hadi chini. Nusu lita shilingi 60. Maji ya kiasi hichohicho, shilingi 60. Wazee watatu tuliokuwa nao kwenye foleni walishaketi kwenye benchi na soda na mandazi. Wagonjwa wa sukari! Hatua kumi tu kutoka kwa meza ya muuguzi aliyekuwa akiwahimiza wapunguze sukari.

Hebu soma nyuma ya chupa. Soda nyingi za kola zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 50 na ushei, vijiko vya chai 12 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishasema 2015 kwamba ni bora mtu mzima asipite gramu 25 hivi kwa siku. Nani hapa hutia vijiko 12 kwenye kikombe cha chai? Na haishibishi, ugali utaula vilevile. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2010 ulikuta kwamba wanaokunywa vinywaji vya sukari mara moja au mbili kila siku wamo hatarini kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 26 zaidi ya wasiovigusa au wanaovinywa kwa nadra.

Mwenye kantini nilipomuuliza akasema soda ni ya kuwasaidia wanaoshukiwa na sukari. Ni kweli, sukari ikishuka ghafla nusu glasi humwokoa mtu. Hiyo ni dharura, chupa moja kwa muuguzi inatosha. Friji nzima ni biashara.

Na sisi wenyewe je? Mama alipolazwa Desemba, wageni walileta soda na mkate mweupe mpaka chini ya kitanda kukajaa. Kukataa ni kuvunja heshima. Nilizirudisha, na shangazi hadi leo hanisemeshi. Sijutii.

Wiki hii napeleka barua kwa msimamizi wa hospitali: friji itolewe upande ule, pawekwe maji ya kunywa ya bure, na uji wa wimbi usio na sukari uuzwe kwa waliotoka kupimwa. Kama uko Nakuru, Kakamega au Busia na kantini ya hospitali yenu iliwahi kubadilishwa, niambie mlianzia kwa nani.