Mafundi wa Nakuru hadi Kisumu, geji za oili ya giaboksi mnazofunga ni za uongo

ThrediSafi aliandika:

Nitasema, na atakayekasirika akasirike. Geji ya joto la oili ya giaboksi otomatiki iliyofungwa ovyo ni mbaya kuliko kukosa geji kabisa. Dereva asiye na geji hupanda mlima kwa woga. Mwenye geji inayomwambia digrii 70 anakanyaga tu, magunia ya mchele nyuma, anatoka Ahero kupanda Kericho, na huko chini oili inakaangika. Siku giaboksi ikianza kuteleza anaambiwa eti otomatiki si za kubeba mzigo!

Makosa ni yale yale kila gereji, utadhani mlisoma kwa mwalimu mmoja.

Hiyo tepu nyeupe ya kuziba thredi waachieni mafundi wa bomba. Sensa ya waya mmoja hupata athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) kupitia thredi zake, haina njia nyingine. Ukiizungushia tepu mara tano umeitenga na chuma. Na ubaya wake ni huu: sensa hizi, joto likipanda, ukinzani unashuka. Athi mbovu inaongeza ukinzani. Geji haijui ukinzani umetoka wapi, inachojua ni kwamba ukinzani mkubwa ni baridi. Kwa hivyo athi ikiwa mbovu hakuna kelele utakayosikia. Mshale unalala chini kwa amani na mteja anakulipa huku akishukuru. Paka gundi ya thredi ya majimaji, kidogo tu, thredi mbili za mwanzo uziache wazi ili gundi isiingie kwenye oili. Kisha chukua mita, pima kutoka mwili wa sensa hadi hasi ya betri. Ikizidi omu moja, hujamaliza kazi.

Halafu kuna hii ya kukata hosi ya raba, kutia kiungo cha T, kubana klipu mbili na kuita mteja alipe. T imening'inia kwenye raba huku na huku. Athi itatoka wapi, mbinguni? Funga waya wa milimita 1 ya mraba kwenye mwili wa T, upeleke kwenye boliti ya chesisi iliyokwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Ama nunua sensa ya waya mbili, uachane na hii taabu.

Na hosi yenyewe mnakata ipi? Ile iliyo karibu na mkono! Giaboksi ina paipu mbili za kupoza oili. Moja inatoa oili ya moto kutoka kwenye toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kwenda kwenye rejeta, nyingine inarudisha iliyokwisha kupoa. Sensa ikikaa kwenye ya kurudi inapima kazi ya rejeta, haipimi hali ya giaboksi. Kuzitofautisha hakuhitaji kompyuta: asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika paipu zote mbili. Inayopata joto kwanza ndiyo ya kutoka. Giaboksi nyingine mpya zina valvu inayozuia oili isiende kwenye rejeta mpaka ipate moto, kwa hivyo usikate tamaa baada ya dakika mbili. Zungusha gari kidogo, urudi upime kwa kile kipimajoto cha bastola. Mkono uweke mbali sasa, paipu hiyo itakuunguza.

Kwangu mimi, pikapu ya kubeba mzigo sensa yake ikae kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Kwenye paipu ya kutoka mshale unarukaruka: toki konveta ikiteleza mlimani unaona 120, ikijifunga unashuka, na dereva asiyejua anapaniki bure. Sampu inakupa joto la oili yote.

Lakini sampu nayo mnaiharibu. Kuitoboa ikiwa bado imefungwa kwenye gari! Vyuma vyote vya drili vinabaki ndani, vile vidogo kabisa vinatafuta njia ya valvu bodi inayoongoza gia, na baada ya hapo gia zinaanza kupiga teke. Mwaga oili. Fungua sampu, uioshe. Tundu liwe ubavuni, upande wa nyuma, maana chini kuna mawe ya marramu. Chomelea nati ya sensa kwa nje, kisha jaza maji uone kama inavuja, na ukaushe kabisa kabla ya kurudisha. Ncha ya sensa isiguse chujio: fungia donge la unga wa chapati ndani ya nailoni, libandike kwenye ncha, pandisha sampu, bana boliti mbili kwa mkono, shusha. Unga ukibonyezwa mpaka ncha ikaonekana, hapo si mahali pake. Sampu ya plastiki au aluminiamu usiiguse na moto, tafuta boliti ya kumwagia oili iliyotengenezwa na tundu la sensa. Gasketi mpya ni lazima. Boliti za sampu ni ndogo na zinakazwa kwa nguvu ndogo, fuata mwongozo wa gari. Huyo wa kukaza mpaka spana ilie ndiye anayepinda ukingo wa sampu, halafu anapaka silikoni kilo nzima.

Thredi sasa. Sensa nyingi za geji za Kimarekani ni moja ya nane ya NPT (thredi za bomba za Kimarekani), nyuzi 27 kwa inchi. Kwenye magari ya Japani tundu la ukubwa huo kwa kawaida ni BSPT (za Kiingereza), nyuzi 28. Inaingia raundi mbili vizuri, inagoma, na fundi anaongeza bomba kwenye spana. Umeharibu kasha la giaboksi la aluminiamu kwa sababu ya adapta ambayo ingetosha mfukoni mwa shati.

Oili iliyomwagika irudishwe kwa kipimo, aina ile ile. Giaboksi isiyo na dipstiki hupimwa kwa tundu la kufurikia, injini ikinguruma, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa na kiwanda, mara nyingi karibu digrii 40. Ukipima ikiwa ya moto sana itakuwa imepanuka, utadhani imejaa. Ikipungua, pampu inavuta hewa, povu linaingia, joto linapanda. Yaani umefunga geji ya joto na umeleta joto pamoja nayo.

Umeme sitaki kuurefusha. Umeme wa geji utoke kwenye fyuzi inayowaka na ufunguo, yenye fyuzi yake ndogo ya ampea 2 au 3. Waya ukipita kwenye bati la injini upewe raba, ukae mbali na egzosi, na usipitishwe juu ya eabegi ya nguzo ya kioo. Basi.

Namba pia mwambie mteja, usimpe geji kama saa ya ukutani. Kwenye sampu, digrii 80 hadi 95 ni kawaida. Ikikaa juu ya 105, shuka gia, zima ovadraivu (ile gia ya juu kabisa), toki konveta ipate kujifunga. Ikifika 120, simama. Usizime injini! Weka P, kanyaga kidogo mpaka mizunguko 1,200 hivi, oili iendelee kupita kwenye rejeta. Salgaa hadi Timboroa unapanda mpaka karibu mita 2,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, haipozi rejeta kama ya Kisumu.

NyundoNdogo alijibu:

Mzee, shikamoo, lakini umetuchapa sote kwa fimbo moja. Mteja anakuja hapa Kondele, Kisumu, na geji ya joto la maji ya injini aliyonunua mwenyewe, inaishia 120, anataka ipime giaboksi. Geji ya kazi hii inafaa ifike 150. Mwingine analeta geji ya kampuni moja na sensa ya kampuni nyingine, eti zote zina waya mmoja. Ukinzani wao haulingani, itasoma chochote. Na anataka kazi iishe kabla hajamaliza chai. Kushusha sampu, kuchomelea, gasketi, oili, hiyo ni nusu siku. Ukimwambia hivyo anavuka barabara kwa yule wa tepu nyeupe.

ThrediSafi:

Marahaba kijana. La geji na sensa kutolingana umesema kweli, nililisahau. Lakini huyo anayevuka barabara mwache avuke. Ukimfungia kwa dakika ishirini, giaboksi ikifa jina litakalotajwa ni lako.

ViaziMolo:

Wakubwa, kabla ya kutoboa chochote, si pikapu nyingi za siku hizi zina sensa ya kiwanda ndani ya giaboksi? Unachomeka kisomeo cha bluetuthi chini ya usukani, unasoma joto kwa simu.

ThrediSafi:

Zipo, na fundi mwaminifu angeanza hapo. Ila programu ya simu lazima iwe na kodi (namba za kusomea sensa) za gari lako, ile ya bure ya kawaida mara nyingi huonyesha joto la maji ya injini tu. Na usiache kisomeo kimechomekwa gari likilala siku nyingi, kinakunywa betri.

ViaziMolo:

Sawa. Na huyu rafiki wa hapa Nakuru aliyetumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, geji ikasema 94? Anataka kuirudisha dukani, eti imepungua digrii sita.

ThrediSafi:

Asirudishe! Nakuru iko mita 1,850 hivi, maji yanachemka kwa digrii 94. Kisumu ni karibu 96, Eldoret 93. Geji ikisema 100 hapo Nakuru ndiyo mbovu. Muulize tu kama alibana waya wa athi kwenye mwili wa sensa, kwa sababu ndani ya sufuria haina chesisi. Kisha kwa geji ya mshale autoe waya wa sensa, auguse kwenye chuma: mshale uende mpaka mwisho wa moto. Akiuacha hewani, urudi baridi. Usipotii hapo, sensa haina kosa, atafute kwenye waya au geji yenyewe.