Rola ya nanga inacheza, nakaza nati kila wiki inarudi palepale

kendwa_boti
Assalam alaykum wadau. Nna boti ya faiba futi 26, injini mbili Yamaha 85, nachukua wageni kuvua na siku nyengine snokeli. Tatizo rola ya nanga (kigurudumu kinachopitisha kamba ya nanga) pale omo, mbele ya boti, inacheza, ukiishika kwa mkono inakwenda kulia na kushoto. Ina bolti nne za spana 13, nakaza leo, baada ya siku tatu nne ishalegea tena, na mara ya mwisho nlikaza kwa hasira mpaka deki ikabonyea kidogo na pakatoka ufa mwembamba km nywele. Halafu nikichungulia ndani ya kisanduku cha nanga naona bolti moja inachirizika maji ya kahawia. Fundi mmoja kanambia nitoboe nitie bolti nene zaidi nizibe na silikoni basi, lakini roho yangu haijakubali. Ss hv kusi lishaanza, nikizunguka Nungwi kwenda upande wa Mnemba lanipiga usoni na ile nanga inagonga ka ka ka njia nzima. Ijumaa nna wageni. Nifanyeje?

dogo_wa_mbweni
Kaka hio kazi ndogo, toa bolti jaza fila ya magari kwenye matundu, ikikauka toboa upya funga. Mie nlifanya mwaka jana mpaka leo imetulia.

fundi_faiba_mtoni
Wa alaykum salaam. Kwanza weka spana chini, usikaze tena hata robo. Deki yako si faiba tupu, ni faiba juu, faiba chini, na katikati pana plaiwudi (zengine povu). Yale maji ya kahawia ndo plaiwudi inakulilia hivo. Maji yameingia kwa tundu za bolti, mbao imeoza, sasa ukikaza unabana kitu laini, kinanywea, siku mbili nati iko huru tena. Ndo mana deki imebonyea. Na bolti nene haisaidii chochote, utakuwa na bolti nene ndani ya uji.

Fanya hivi leo. Chukua mpini wa bisibisi, gonga deki kuanzia mbali na rola uje taratibu. Pazima panalia kavu, ngo ngo ngo. Palipooza sauti inakufa, bu bu. Chora na penseli mpaka wa bu bu halafu niambie ni pana kiasi gani, mana km ni kiganja cha mkono tunatibu tundu kwa tundu, lakini km imefika nusu ya deki hio kazi nyengine kabisa, tunapasua faiba ya juu na kubadilisha mbao.

Na suali jengine. Chini umeweka washa gani, zile ndogo zilizokuja na bolti?

Dogo wa Mbweni, fila ya magari inakunywa maji na haina nguvu ya kubeba mvuto. Yako weye ilikuwa rola ya nanga?

dogo_wa_mbweni
Ilikuwa taa ya mbele 😅

fundi_faiba_mtoni
Haya.

kendwa_boti
Nimegonga. Bu bu ni km sahani ya chai kuzunguka bolti mbili za kulia, kushoto pazima. Washa ndio, ndogo ndogo, tena moja haipo. Bolti nimezijaribu na sumaku hazishiki kwa iyo ni stenlesi za kweli.

Na nikiri tu, mwezi uliopita nanga ilikamata mwamba upande wa Tumbatu, tukavuta kwa mikono haikutoka nikatia gia nikaivuta na injini, kamba ikiwa imekaa kwenye rola. Ilitoka. Nadhani ndo siku iliyoanza.

babu_wa_mkoani
Nlikuwa nasoma kimya nasubiri useme hilo. Mwanangu, rola ni gurudumu la kupitishia kamba isikwaruze deki, haikuwekwa ipambane na injini mbili. Nanga ikikamata mwamba unalegeza kamba, unazunguka na chombo mpaka upande wa pili wa ilikotupwa, unaivuta kwa kule ilikoingilia. Hazipiti dakika kumi. Na km lazima uvute kwa mashine basi kamba ifungwe kwenye chuma cha kufungia kamba, tena iwe imekaa sawa na omo, si kwa ubavu, mana ubavu ndo unaopinda zile kuta mbili za rola.

Hata ukishatia nanga vizuri, mzigo usiuache pale. Funga kamba kwenye chuma. Na ukiwa safarini ifunge nanga yenyewe kwa kipande cha kamba isitikisike, hio ka ka ka yako kila wimbi ni nyundo moja kwenye bolti. Vijana mnanunua boti ya mamilioni mnashindwa kuipa nanga kamba ya shilingi elfu mbili.

kendwa_boti
Shkamoo babu. Nimekusikia.

fundi_faiba_mtoni
Babu kamaliza upande wake, mie nimalize wangu. Sahani ya chai inatibika. Toa rola yote. Matundu ya milimita 8 yapanue faiba ya juu kwa kekee ya milimita 16, lakini faiba ya chini usiiguse, halafu chukua msumari uupinde ncha km herufi L, ufunge kwenye drili, uingize tunduni uzungushe, utakula mbao mbovu kwa pembeni mpaka utoe mbao kavu. Kilichobaki lazima kikauke, hapa usinifanyie haraka ya Ijumaa, wape wageni boti ya mwenzako. Acha juani siku kadhaa, usiku funika, mvua moja tu unaanza upya.

Ikikauka ziba chini kwa selotepu nzito, paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) nyepesi kwanza inywewe na mbao, kisha jaza epoksi iliyochanganywa na unga wake mpaka iwe nzito km siagi ya karanga. Epoksi, sio ile resini ya kawaida ya faiba, ile haishiki mbao vizuri. Na changanya kidogo kidogo, kwa joto letu ukijaza kikopo kizima kitachemka mkononi kitoe moshi. Siku ya pili toboa 8 katikati. Sasa bolti inapita ndani ya epoksi, hata maji yakipenya hayaikuti mbao.

Chini usitie washa, tia bamba moja la alumini la milimita 6 au stenlesi, lipitiwe na bolti zote nne. Mdomo wa tundu juu uuchonge kidogo uwe km kikombe, ndo sealanti (dawa ya kuzibia maji) inakaa pale. Tia Sikaflex, silikoni achana nayo, haina nguvu na ikishapita mahali hakishiki kitu chengine tena. Kaza nusu, acha igande, kesho malizia kwa kuzungusha nati ya chini huku bolti imeshikwa, ukizungusha bolti unaichana ile sealanti. Nati za stenlesi zipake grisi na ukaze taratibu kwa mkono, zikipata moto zinakamatana hazitoki mpaka ukate.

Na sumaku isikudanganye. 304 na 316 (namba za aina za stenlesi) zote kwa kawaida hazishiki, na ya baharini ni 316. Zitoe uzitazame kiuno.

kendwa_boti
Mrejesho. Ijumaa wageni nilimpa jamaa yangu. Mbao iliyotoka ilikuwa nyeusi, mvua, km chicha ya nazi imelala siku tatu, harufu yake wallahi sisemi. Bolti juu zinang'ara, ndani ya deki moja imeliwa kiuno imebaki km njiti ya kiberiti, ningekaza mara moja tena ingekatika. Duka la tatu pale Malindi, Unguja mjini, ndo nlipata 316. Bamba limekaa, imegandishwa, leo nimeipanda kwa miguu miwili na haitikisiki.

Kwenye kisanduku mie sikuenea, aliingia baharia wangu mwembamba kukamata nati kwa chini, kakaa mule saa nzima na harufu ile. Anadai posho ya siku mbili na nadhani ntampa.